Mume wangu ameipandisha mashine ya pumzi juu ya kabati

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Ngamiani, Tanga. Mume wangu ana miaka 51, ni dereva wa lori la saruji, hupakia Pongwe na kupeleka Moshi na Arusha. Anakoroma mpaka watoto wamehamia chumba cha uani. Katikati ya kukoroma hunyamaza kabisa, halafu hushtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Mwaka huu alisinzia kwenye usukani karibu na Mombo, lori likaishia kwenye mkonge, Mungu akamnusuru. Alipimwa Dar es Salaam, akaambiwa pumzi inakatika mara 38 kwa saa, akapewa mashine ya kuvaa usoni. Aliivaa siku tatu tu. Sasa iko juu ya kabati, nimeifunika kanga isiingie vumbi. Anasema itamuua kabla ya huo ugonjwa. Mavyaa anasema ni jinamizi, anamletea kombe. Nimebembeleza, nimenuna, nimelia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kwanza nikutue mzigo mmoja: shemeji si mkaidi. Hata kwenye nchi ambazo kliniki za usingizi ziko kila mji, wengi wanaopewa mashine hii huiacha, na wengi huiacha katika siku zilezile za mwanzo. Nikisoma barua yako sioni mgonjwa aliyekataa tiba. Namwona mtu aliyekabidhiwa chombo, akaonyeshwa swichi, akaambiwa aende zake.

Nalijua hilo kwa sababu nimewahi kulifanya mimi. Zamani, nikiwa bado na haraka za ujana, nilimfunga mzee mmoja mvuvi barakoa usoni, nikawasha mashine, nikamwambia, "Utazoea, mzee." Haikuzidi dakika tano. Wiki iliyofuata alirudi, mashine ndani ya mfuko, mpira wake ameuzungusha vizuri kama kamba ya nanga. Akaiweka mezani kwangu: "Daktari, chombo chako hiki. Mimi sijafa bado."

Maneno yale sijayasahau. Kwa watu wetu, barakoa yenye mpira huonekana mahali pamoja tu, wodi ya mahututi, na tangu korona picha hiyo imezidi kukaa vichwani. Aliyevalishwa kitu kile, ndugu huanza kupigiana simu. Sasa wewe unamwambia dereva mzima, anayekula, anayetukana matairi, alale nacho kitandani kwake kila usiku. Ukitaka aivae, anza kwa kuiondoa mashine hii wodini.

Mwambie hivi: humo ndani hamna oksijeni. Hamna dawa, hamna gesi. Ni hewa ileile ya chumbani kwenu, inayozungushwa na feni yenu, imechujwa vumbi na kusukumwa kidogo. Basi.

Kisha mwonyeshe, maana mtu wa gari haamini mpaka aone. Tafuta mirija miwili. Wa kwanza uwe wa karatasi, uloweshe mpaka ulegee, halafu mwambie avute maji kwa nguvu. Utabonyea na kuziba, na kadiri anavyovuta ndivyo unavyozidi kuziba. Koo lake likilala linafanya hivyohivyo. Koo halina mfupa wa kulishikilia lisibonyee kama bomba la chuma. Linashikiliwa na misuli. Tukiwa macho misuli inakaza, tukilala inalegea na ulimi unarudi nyuma. Mwenye shingo nene, au taya dogo, au tezi kubwa za koo, njia yake huziba kabisa. Kifua kinavuta, hewa haipiti, oksijeni ya damu inashuka, mpaka ubongo unapiga kelele na kumshtua. Anavuta pumzi moja kubwa, analala tena, na asubuhi hakumbuki kitu. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi ndipo tunahesabu. Kuanzia mara 30 kwa saa tunaita hali kali, na yeye ana 38. Akilala saa sita hiyo ni mara 228 kwa usiku mmoja. Mtu akikutikisa bega mara 228 usiku kucha, nawe utalala kwenye usukani.

Mrija wa pili uwe mgumu. Uchovye kwenye jagi la maji mpaka ncha yake ifike kina cha sentimita 10, umwambie apulize hadi mapovu yatoke. Nguvu hiyo iliyotoka mashavuni mwake ndiyo nguvu ya mashine ikiwa imewekwa kwenye namba 10. Mashine nyingi za aina hii hufanya kazi kati ya 4 na 20. Kazi yake ni kulizuia koo lisibonyee, si kumpumulia. Pumzi bado ni zake. Hapo ndipo nimeona nyuso nyingi zinalegea: mtu alidhani mashine inampumulia, kwamba ikizimwa naye kazimika.

Kwa kuwa shemeji ni mtu wa injini, msimulie na hili. Kabla ya 1980, mwenye hali kali kama yake tiba yake kubwa ilikuwa kutobolewa tundu shingoni ili hewa ipite chini ya pale palipoziba. Daktari mmoja wa Sydney, Australia, Colin Sullivan, akachukua mota ya mashine ya kufyonza vumbi, akaigeuza ipulize badala ya kuvuta, akaiunga na barakoa iliyogandishwa usoni kwa silikoni. Matokeo ya wagonjwa watano yalichapishwa 1981. Mashine iliyo juu ya kabati lenu ni mjukuu wa mota ile. Sijui kwa nini, lakini wanaume wakisikia habari ya mota huikaribia mashine kwa jicho jingine.

Sasa turudi kwenye zile siku tatu. Nina dhana, na ungeniuliza mimi ningebeti juu yake: muulize kama mojawapo ya siku hizo umeme ulikatika akiwa ameivaa. Anayeamka gizani, kitu kimembana uso na hewa imekata, atasema mashine inataka kumuua, na simlaumu. Lakini barakoa haikuzibwa. Ina vitundu vidogo vya kutolea pumzi, na ile inayofunika pua na mdomo ina kilango kinachojifungua chenyewe hewa ya mashine ikikata. Kama yake inafunika pua tu, atafungua mdomo. Asikubali kwa maneno yangu. Mkae mchana sebuleni, aivae, wewe uchomoe waya ukutani huku yeye akijua unachomoa. Apumue mara tano hivi, aivue kwa mkono wake mwenyewe. Anayejua kuivua gizani haiogopi.

Hili la mchana ndilo ninaloomba ulishike kuliko yote. Mashine hii huzoewa mtu akiwa macho. Kosa la kawaida ni kuifunga kwa mara ya kwanza saa nne usiku, mtu kachoka, joto la Tanga linamtoka, halafu mnangoja muujiza. Iteremshe mashine, siku ya kwanza asiivae kabisa. Aishike barakoa, aiweke puani kwa mkono bila mikanda, huku anatazama mpira kwenye televisheni. Dakika kumi zatosha. Siku ya pili afanye vilevile lakini mashine imewashwa, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua. Akifungua mdomo atasikia hewa inamchuruzika nje kwa fujo. Na acheke, ajue ni nini. Ikifika siku ya tatu au ya nne ndipo mikanda ifungwe, nusu saa, saa nzima, ameketi. Halafu alale nayo usingizi wa mchana. Usiku uje mwisho. Wapo wanaomaliza haya kwa siku mbili, wapo wa wiki mbili, na wa wiki mbili nao hufika.

Kuna kitufe kinachoifanya hewa ianze chini na kupanda polepole kwa dakika 20 au 30 wakati anatafuta usingizi. Ajabu ni wagonjwa wangapi hawakuambiwa kama kipo. Mashine nyingine hupunguza msukumo kila anapotoa pumzi, na hilo ni la mtaalamu kuliwasha. Kama shemeji alisema "siwezi kutoa pumzi, inanirudishia," nakisia hakuna aliyeligusa.

Barakoa yenyewe: ikivuja hewa machoni, wengi hukaza mikanda kama wanafunga robota la mkonge. Ikikazwa hivyo inavuja zaidi, na asubuhi pua ina kidonda. Ipimwe akiwa amelala, mashine ikiwa imewashwa, kwa sababu uso wa mtu akilala si ule wa kukaa. Avute barakoa mbele kidogo iachane na uso, aiache ikae yenyewe, ndipo akaze kiasi cha vidole viwili kupita chini ya mkanda. Hukuniambia kama ana ndevu. Kama anazo, asizinyoe kwa ajili yangu. Ipo barakoa ya vijipira viwili vinavyokaa kwenye matundu ya pua tu, haigusi ndevu. Ila pua yake iwe inapita. Ikiwa imeziba kwa mafua ya mzio, itibiwe kwanza, la sivyo tunapuliza kwenye ukuta.

Na mafuta. Hili hamtalikuta kwenye kijitabu cha mashine, kwa sababu waliokiandika hawaishi pwani. Mtu akioga usiku akajipaka mafuta ya nazi usoni, barakoa huteleza kama samaki, na baada ya muda silikoni inalegea. Apake mwilini, uso auache mkavu. Barakoa ioshwe kila asubuhi kwa sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali, ikaushwe kivulini. Jua la uani kwenu litaikunja.

Chandarua msikiache. Mashine ikae nje ya chandarua kwenye kistuli, chini ya usawa wa godoro, mpira upite chini ya pindo, kisha pindo lichomekwe. Chujio la nyuma litazameni kila wiki. Kwa vumbi la barabara zenu litakuwa na rangi ya chai kabla ya mwezi. Kile kitungi cha maji cha kulainisha hewa, mimi kwa watu wa Tanga huwaambia wajaribu kwanza bila nacho. Hewa ya pwani ina unyevu wake. Koo likikauka ndipo akitumie, kwa maji yaliyosafishwa kwa mvuke au, yakikosekana, maji yaliyochemshwa yakapoa, yakimwagwa kila asubuhi. Maji ya betri ya kituo cha mafuta hapana, hayakutengenezwa kwa mapafu ya mtu. Na kitungi kikizimwa mashine hupunguza kula umeme, jambo ambalo mwenye luku atalipenda.

Umeme ukikosekana usiku mmoja, alale kwa ubavu, anyanyue kichwa kwa mito, na maisha yaendelee. Usiku mmoja hauharibu kazi. Ukikosekana mara kwa mara ndipo mfikirie betri, na waya wa kuunganisha uwe wa mashine hiyohiyo. Gari dogo lina volti 12, lori lina 24, fundi akikosea hapo mmeiunguza.

Sasa maneno ya kumwambia. Naona watu wengi, na madaktari wamo, huwatisha wagonjwa: usipovaa utapata kiharusi, moyo utasimama. Mimi nimeacha. Kwanza kitisho kinaifanya mashine inuke kifo zaidi. Pili, si kweli kwa kiasi hicho. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2016, wa watu zaidi ya 2,700 waliokwisha kuwa na maradhi ya moyo au kiharusi, ulikuta kwamba waliopewa mashine hawakupungukiwa na matukio hayo kuliko wenzao wasiopewa. Walikuwa wakiivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na wataalamu bado wanabishana kama wangeivaa zaidi ingekuwaje. Lakini usingizi wa mchana ulipungua, mkoromo ulipungua, na moyo wa furaha ulirudi. Presha ya damu nayo hushuka kwa mashine hii, ila kidogo, kwa hiyo kama anameza vidonge vya presha asiviache.

Kwa hiyo mahali pa kiharusi, muulize anataka nini. Dereva anataka kufika Same bila kujimwagia maji kichwani. Pengine amechoka kuamka mara tatu nne kwenda msalani. Hukuitaja hiyo, lakini nakisia ipo, na kwamba mmeshakwenda kupima sukari. Pumzi inapokatika, kifua huvuta kwa nguvu, moyo hutanuka na kutoa homoni inayoziambia figo zitoe maji. Wengi wakivaa mashine, jambo la kwanza wanaloniambia ni "daktari, nimelala mpaka adhana ya alfajiri." Pengine ni kichwa kinachouma asubuhi. Pengine ni lile ambalo mwanaume hamwambii daktari ila mkewe analijua. Kwa baadhi yao nalo hutengemaa wakilala vizuri, ingawa hilo sitamwekea dhamana. Lolote atakalolitaja, hilo ndilo mtakalopima nalo mashine. Si langu wala lako.

Ungeweza pia kumpa usiku wake ausikie. Omba ruhusa kwanza, maana ukimrekodi kwa siri umempata hasimu. Akikubali, weka simu karibu na mto, dakika tano tu za pale anaponyamaza. Mchana mkae wawili, si mbele ya watoto, mhesabu sekunde za ule ukimya kwa sauti. Nimewaona wanaume wakifika kumi na tano wanashika koo wenyewe.

Mavyaa wako usimpige vita. Alichokiona ni cha kweli: mwanawe anakabwa usiku. Kinachomkaba ni ulimi wake mwenyewe. Kombe na mashine havigombani, anywe kombe jioni na avae barakoa akilala. Ningekuwa wewe ningemwita huyo bibi aje aketi kitandani siku ya kwanza mwanawe anapolala mchana na mashine, asikilize ule ukimya usiokuwepo. Dua asome yeye. Ukimpata mavyaa, nusu ya kazi imekwisha, na majirani wakiuliza kile ni nini atawajibu yeye.

Wewe nawe ujiuzulu uaskari. Mke anayemulika tochi saa nane kuona kama barakoa iko usoni hujenga ugomvi, hajengi mazoea. Mashine inahesabu saa yenyewe. Akiivua usiku akiwa usingizini, asubuhi usiseme kitu. Akiamka msalani akarudi, hapo ndipo penye kusahau. Mkumbushe mara moja kwa upole kwamba aivae tena. Na Ramadhani ikija, mtu akilala baada ya tarawehe, akaamka daku, akalala tena baada ya swala, usingizi huo wa pili nao unahesabika. Huo ndio wengi hulala bila mashine.

Kuhusu lori sitabembeleza. Mwenye tatizo hili asipotibiwa, hatari yake ya ajali ni zaidi ya mara mbili ya dereva mwingine, na yeye ameshaingia kwenye mkonge mara moja. Asiendeshe safari ndefu mpaka awe amevaa mashine usiku wote kwa wiki mbili hivi, na usingizi wa mchana umemwisha, na daktari aliyempima amemruhusu. Najua tani za saruji hazingoji na mwenye lori ana madereva wengine. Aombe apangiwe kazi ya yadi kwa muda huo. Ni maneno magumu kuyapeleka kwa tajiri, lakini yapelekwe na yeye, na barua ya daktari mkononi.

Akiwa bado hataki kabisa, kuna njia nyingine za kumsaidia, ila kwa idadi ya 38 sioni mojawapo ikitosha peke yake. Kulala kwa ubavu husaidia wale wanaozibwa wakilala chali. Kifaa cha mdomoni cha kusogeza taya mbele hutengenezwa na daktari wa meno, na huwafaa zaidi wa hali nyepesi na ya kati. Kupunguza uzito ni kweli: utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2000 ulikuta kwamba kupungua asilimia 10 ya uzito huendana na kupungua kwa idadi kwa asilimia 26 hivi. Kwake ni kutoka 38 kwenda 28. Hiyo ni nafuu, lakini inachukua miezi, na usiku wa leo haujui hayo. Mwishoni mwa 2024 Marekani iliidhinisha sindano ya tirzepatide kwa wanene wenye hali ya kati na kali. Msikimbilie huko kabla ya kuijaribu mashine mliyonayo. Pombe na vidonge vya usingizi vyote huulegeza ulimi zaidi, avikwepe.

Neno moja kama mashine ilinunuliwa mtumba: soma jina na namba yake chini, umuulize aliyekuuzia au daktari kama haimo kwenye zilizorudishwa kiwandani. Mwaka 2021 kampuni moja kubwa iliita tena mamilioni ya mashine kwa sababu sponji ya kuzuia kelele ndani yake ilikuwa ikimomonyoka na kuingia kwenye hewa.

Basi anza kesho, saa kumi jioni, na barakoa mkononi tu. Wiki mbili tangu usiku wake wa kwanza, washa mashine mwangalie kioo chake: kitawaonyesha saa alizovaa na idadi ya pumzi zilizokatika kwa saa. Niandikie namba hizo mbili. Saa zikiwa chini ya nne na idadi iko chini ya tano, mashine imewekwa sawa na kinachomsumbua ni barakoa. Saa zikiwa nyingi na idadi bado iko juu, mrudi Dar es Salaam wabadilishe kipimo cha hewa au watazame uvujaji.